Siku Shangazi Erina Alipopiga Magoti

Juma lililopita nilitembelea nyumba moja kijijini, na mwenyeji wangu alikuwa amemaliza kupaka sakafu samadi asubuhi hiyo. Wengi mnaosoma haya mmezoea saruji na vigae, kwa hiyo niwaeleze: samadi mbichi ya ng'ombe ikichanganywa na udongo na majivu, ikapakwa kwa mkono na kuachwa ikauke, hainuki vibaya hata kidogo. Inatoa harufu ya majani, ya mvua, na ya kitu kitamu kidogo usichoweza kukitaja. Nilisimama mlangoni na viatu vyangu vya mjini mkononi, na mwenyeji akadhani ninasitasita kuingia. Kumbe nilikuwa nimesharudi Mbale, mtoto wa miaka kumi, nimelala kifudifudi, pua yangu imegusa sakafu ya namna ileile, na watu wote chumbani wananitazama.

Nitaeleza nilivyofika hapo chini, lakini lazima nianze na jinsi nilivyokuwa juu.

Tuliishi Walukuba, katika zile nyumba za wafanyakazi nje kidogo ya mji wa Jinja, miaka ya hamsini, bwawa la mtoni lilipokuwa bado jambo jipya na kila mtu akilizungumzia kama ndugu aliyepata cheo. Majirani zetu walitoka pande zote, Wasoga, Wagisu, Waluo, Wasamia, na hata familia moja ya kutoka Kongo, na ndiyo maana Kiswahili kilinishika mapema kuliko lugha nyingine. Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo siku za juma, na Jumapili alikuwa msomaji wa kanisa. Alifundisha watoto na watu wazima masomo ya ubatizo, kwa maswali na majibu. Mwanafunzi wake bora kuliko wote nilikuwa mimi.

Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa huzuni kidogo. Nilijua majibu yote. Mungu ni nani, yuko wapi, ana sifa gani, aliumba nini na siku ipi, Mwana alikuja kufanya nini, Roho anafanya nini, neema ni nini. Niliyajibu nikiwa nimesimama wima, mikono nyuma, macho kwenye dari, bila kupumua katikati. Wageni walipokuja nyumbani, watu wengine Walukuba waliwawashia redio. Baba aliniwasha mimi. Mgeni alikunywa chai, nami nikamweleza Utatu. Nakumbuka bwana mmoja wa mtaa wa Nalufenya, mwenye tumbo kubwa, alinisikiliza hadi mwisho kisha akamwambia Baba, "Mwalimu, huyu mtoto anamjua Mungu kuliko malaika." Baba alicheka siku mbili. Mimi niliamini.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma shule ya wasichana kule Mbale, nilikwenda kama mtu anayekwenda kuwasaidia.

Nafasi yenyewe niliipata kwa sababu ya Shangazi Erina, dada mdogo wa baba. Senga, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, na ndivyo nilivyomwita. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akifundisha ushonaji katika shule hiyo, na alikubali nikae kwake. Nyumba yake ilikuwa pembeni mwa mji, yenye vyumba viwili na sakafu ya samadi aliyoipaka upya kila Ijumaa. Ukisimama uani uliuona mlima Wanale umekuinamia, na mvua ikishanyesha, maji yalishuka kwenye majabali yake kama nyuzi nyeupe zilizomponyoka mshonaji. Senga alikuwa mwembamba, mwenye sauti kali na magoti mabovu. Tena alikuwa mlokole, yaani mmoja wa wale waliookoka, watu ambao siku hizo walikuwa wameuwasha moto katika kanisa letu, na wengine wakawaonea haya. Walokole walikutana nyumbani kwa watu, wakaimba, wakatubu dhambi zao kwa kuzitaja mbele ya wenzao, na kama dhambi ilikuwa kitu kilichochukuliwa, kitu hicho kilirudishwa kwa mwenyewe. Baba hakupenda mambo hayo. Aliona ni kelele. "Mungu si kiziwi," aliniambia kituoni nikiondoka Jinja. "Wewe shika majibu yako."

Nikayashika. Nilipofika, Senga alinisikiliza nikijibu maswali yote, akitia uzi kwenye sindano. Nilipomaliza alisema, "Vizuri, mwanangu. Kachote maji."

Niliona ni mtu asiyeelewa mambo.

Sasa, Senga alikuwa na kitu kimoja cha thamani. Kilikuwa mshipi wa hariri wa kufunga kiunoni juu ya gomesi, lile vazi refu la heshima la mama zetu lenye mabega yaliyochongoka. Mshipi wenyewe ulikuwa wa zambarau, unang'aa kama shingo ya njiwa. Marehemu mume wake alikuwa amemnunulia katika duka la Mhindi mmoja Jinja mjini, na muda mfupi baadaye akafa. Senga aliuvaa harusini tu. Siku nyingine ulikaa ndani ya sanduku lake, chini kabisa, na mimi niliruhusiwa kulifungua sanduku hilo ninapotumwa uzi, si zaidi.

Ikaja harusi. Senga akafungua sanduku. Mshipi haukuwemo.

Aliutafuta kitandani, chini ya kitanda, kwenye kapu la nguo, hata kwenye chungu. Kisha akakaa, akanitazama. Nikajua, kama mtoto anavyojua, kwamba hesabu imefanywa na jibu ni mimi. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Mimi ndiye niliyetumwa uzi.

"Naome, uko wapi mshipi wangu?"

"Sijui, Senga."

"Umempa nani?"

"Sikumpa mtu."

"Basi uko wapi?"

Mtu asiye na hatia hana maneno mengi. Mwizi angekuwa na hadithi; mimi nilikuwa na "sijui" tu, na kadiri nilivyoirudia ndivyo ilivyosikika kama uongo. Sauti ya Senga ilipanda. Neno mwizi lilitoka, likavuka ua, likafika kwa jirani yetu Mama Zaituni, Mwislamu aliyekaanga sambusa za kuuza sokoni na aliyesikia kila kitu kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, mafuta yanachemka lakini masikio hayana kazi.

"Dada Erina!" aliita kutoka upande wake. "Huyo mtoto atauvaa wapi mshipi wa hariri? Chooni?"

Senga alifunga mlango.

Alhamisi wenzake wa ushirika walikuja kama kawaida, akina mama wanane hivi, wakakaa kwenye mikeka. Senga aliwaeleza. Akaniita katikati. Wakaniombea kwa upendo mkubwa, mikono yao imenilemea kichwani, ili nipate nguvu ya kuungama. Mama mmoja alilia. Nawaambia kweli, ndugu zangu, nilikaribia kuungama. Walikuwa wema mno, na nilichoka kuwanyima. Kilichonizuia hakikuwa ushujaa wala uaminifu. Nilikumbuka tu utaratibu wao: anayeungama wizi hurudisha alichoiba. Nami ningerudisha nini? Nikabaki nimenyamaza, na kimya changu wakakiita moyo mgumu.

Baada ya hapo Senga alituma neno Jinja kupitia dereva wa basi: mwalimu aje Jumamosi amchukue mtoto wake. Maana yake nilielewa vizuri. Shule ingekwisha. Na Walukuba, binti wa msomaji wa kanisa, yule aliyemjua Mungu kuliko malaika, angerudi na jina la mwizi, na hakuna swali hata moja katika masomo ya Baba lililokuwa na jibu la kulifuta. Niliomba, naam. Nilitoa sala zote nilizozijua, kwa mpangilio. Ilikuwa kama kusoma anwani vizuri sana juu ya bahasha isiyo na kitu.

Jumamosi asubuhi nilikaa uani juu ya sanduku langu la bati, nimeshafunga kila kitu. Senga alikuwa jikoni akimwandalia kaka yake chakula. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Nikamwona Senga akiingia ndani na ungo kuchota wimbi, yaani ulezi, kwenye debe alilolifungua kwa wageni tu, kwa sababu mgeni wa Busoga, pande zetu za Jinja, hawezi kufika Mbale asile sima ya wimbi.

Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, mkono wake wa kulia ulikuwa mwekundu wa vumbi la wimbi mpaka kwenye kiwiko, na ungo ulikuwa mtupu. Alinipita kana kwamba mimi ni kigogo. Akachukua jembe, akaenda kwenye kijishamba chake cha maharage, akaanza kupalilia. Alipalilia mstari mmoja hadi mwisho. Akarudi mwanzo. Akaupalilia tena mstari uleule, ambao sasa haukuwa na jani lolote la kung'oa.

Mama Zaituni alichungulia kwenye ua. "Dada Erina, hayo maharage unayapalilia au unayazika?"

Senga alisimama. Aliegemea jembe. Nilimwona akifumba macho, midomo ikicheza. Nilifikiri ananilaani. Kisha akaweka jembe chini, akanawa mkono, akamwambia jirani yake kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake, "Mama Zaituni, mchana njoo kwangu. Tafadhali." Akajifunga kitambaa kichwani, akatoka barabarani. Alipita nyumba kwa nyumba kwa akina mama wote wa ushirika.

Basi Baba alipowasili, vumbi la safari kwenye koti lake la Jumapili, alikuta chumba kimejaa wanawake. Alidhani wamekuja kumlaki. Nilimwona akinyoosha tai, akikohoa kidogo, akitafuta pa kusimama. Baadaye alinieleza kwamba tangu basi lilipopita Tororo alikuwa ametayarisha maneno kuhusu amri ya nane, ile ya usiibe. Kunitazama hakunitazama.

Senga alipiga magoti mbele yake. Hilo lilikuwa la kawaida. Kwetu mwanamke humpigia magoti kaka yake akimsalimu, na mtoto humpigia magoti kila mtu aliyemtangulia kuzaliwa. Wakasalimiana salamu ndefu, habari za nyumbani, za kazini, za safari, za mvua. Zilipokwisha, sote tulingoja Senga anyanyuke.

Hakunyanyuka. Aligeuka palepale, akiwa bado kwenye yale magoti mabovu, akasota juu ya sakafu mpaka akafika mbele yangu.

Sasa nisaidieni kuona tatizo langu. Mtoto wa kwetu hawezi kuwa juu ya mkubwa wake. Mkubwa akikaa chini, wewe unakaa chini zaidi. Hilo nilifundishwa kabla ya kufundishwa kutembea, na mwili wangu haukuniuliza. Nikaanguka magotini. Lakini nikiwa nimepiga magoti na yeye amepiga magoti, tulikuwa sawa, na kuwa sawa na shangazi yako ni utovu wa adabu. Nikainama. Senga, ambaye alitaka kunitazama usoni, naye akainama. Nikaweka viwiko chini. Akashusha kichwa ili anione. Hapo nikaona imebaki njia moja tu. Nikalala kifudifudi, nikakandamiza pua kwenye sakafu aliyoipaka jana yake, nikafumba macho.

"Allah!" alisema Mama Zaituni kutoka mlangoni. "Hawa wawili tutawatafuta chini ya ardhi."

Mtu alicheka, kisha wote. Hata Senga. Nilihisi mikono yake chini ya makwapa yangu. Alininyanyua, akanikalisha kwenye kigoda, kigoda ambacho kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya Baba, akanishika magoti nisiteleze tena.

"Kaa," alisema. "Leo wewe utakaa juu."

Akatoa mshipi kifuani mwake. Ulikuwa umekunjwa, una punje za wimbi kwenye mikunjo. Akauweka mapajani mwangu.

"Mbele ya hawa nilikuita mwizi, na mbele ya hawa naongea. Mwizi hayupo. Ile mvua ya mawe iliyotoboa paa, kabla hujafika, niliutoa mshipi sandukuni nikaufukia kwenye debe la wimbi usilowe. Usiku uleule homa ikanishika, nikasahau. Hilo la kusahau ni la homa. Lakini sikukuuliza kama mtu anayetaka kujua, Naome. Nilikuuliza kama mtu aliyekwisha kujua. Hilo ni langu mimi. Nimemwambia Mungu tangu asubuhi kule kwenye maharage, naye kila mara ananituma kwako. Nisamehe, mwanangu."

Mimi, niliyejua majibu yote, nilipekua kichwa changu chote nikitafuta jibu la hilo. Halikuwemo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtoto atakuja kuombwa msamaha. Mwishowe nikasema neno la pekee lililonijia.

"Amina."

"Erina, inuka," alisema Baba. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Huyu ni mtoto."

"Najua ni mtoto, kaka."

"Ungeniita pembeni, tungeyamaliza."

"Kwani nilimtukana pembeni?"

Baba alilegeza tai yake. Amri ya nane ilibaki mfukoni.

"Na jambo jingine," Senga aliniambia. "Sanduku lako umefunga. Ukitaka kwenda na baba yako, sitakulaumu, na shuleni nitawaambia kosa ni langu. Ukitaka kukaa, nyumba ni yako. Useme wewe."

"Mtoto anaulizwa nini sasa?" alinong'ona Baba, lakini kwa udhaifu, kama mtu anayeuliza njia.

Nilimtazama Senga. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Magoti yake, niliyajua yale magoti, niliyakanda kwa mafuta kila jioni, yalikuwa bado sakafuni. Na nilishtuka kugundua kwamba ananiogopa. Mtu mzima, mwalimu, aliyenitisha mpaka mwisho wa roho yangu, alikuwa pale chini hajui nitasema nini, na alikuwa tayari kulipokea nitakalosema.

"Nitakaa," nilisema. Halafu, kwa kuwa hilo lilionekana halitoshi, nikaongeza, "Nimekusamehe, Senga." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Akina mama waliimba, bila shaka. Mama Zaituni alipangusa macho akilaumu moshi, ingawa hakukuwa na moto ndani. Kisha tukala.

Hapa nimalizie habari ya Baba, maana nilimpenda na sitaki mumwache amesimama na tai yake. Wazee wa kwetu hawakuomba radhi kwa maneno, hasa kwa watoto. Mkubwa akikukosea, siku hiyo ulipata kipande kizuri cha nyama, ukaelewa. Na firigisi ya kuku ilikuwa ya baba mwenye nyumba peke yake. Zamani wanawake wa kwetu hawakula kuku kabisa. Walokole ndio waliokuwa wameanza kuivunja miiko hiyo, na Baba alikuwa akiwakosoa kwa hilo pia. Senga alimpa firigisi, ipasavyo. Baba aliitazama. Alikuwa amesafiri kutoka Jinja akiniamini mwizi, bila kuniuliza neno. Akaichukua kwa vidole vyake, akanyoosha mkono kupita sahani zote, akaiweka kwenye sima yangu. Aliendelea kula, kichwa chini. Jioni alipanda basi peke yake.

Niliendelea kukaa kwa Senga miaka mitano. Hakugeuka malaika, aliendelea kuwa mkali, na mara mbili tatu alikuja tena kuniomba radhi, nami nikajifunza kukaa kwenye kigoda bila kuanguka. Nilikuwa nimeshakua sana, nimeshapita chuo kikuu na kujifunza kusema "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine", ndipo nilipofikiri sawasawa kuhusu zile saa za kwenye maharage. Hakuna aliyemwona akiuchota mshipi ule. Angeweza kuurudisha kwenye debe na kuacha basi linichukue. Angeweza kuniambia jikoni, sisi wawili, "mshipi umeonekana," na kunipa paja la kuku, na hakuna mtu Mbale wala Jinja ambaye angemlaumu. Alikuwa na kila njia ya kupita wima. Nikiwa mtoto nilidhani kupiga magoti kulimjia kwa urahisi, kwa kuwa watakatifu ndivyo walivyo. Sikujua kwamba nimemwona mtu akipigana, na kwamba mstari ule wa maharage ulikuwa uwanja wake.

Katika masomo ya Baba kulikuwa na swali kuhusu Mungu kujishusha. Jibu lake nililipenda kwa sababu lilikuwa fupi. Nilikuwa nimelisema mbele ya wageni wasio na idadi, macho kwenye dari, maana huko juu ndiko nilikodhani anakaa. Siku ile, kwenye kigoda, ilinibidi nitazame chini. Bado wasomi wenzangu huniuliza kama ninaamini, na bado nawapa majibu yenye pande mbili, na Senga angenituma maji. Lakini mtu akiniuliza kama nimewahi kukutana na Mungu, sina upande wa pili. Nilikuwa na miaka kumi. Alikuwa ameniinulia uso kutoka sakafuni, na alikuwa ananisubiri niseme.